Njia Ikipona

Vumbi la Butembo halina haya. Huingia ndani bila hodi, hukaa juu ya sahani zilizokwisha kuoshwa, kisha hupanda kilima kuelekea Vuhovi na kumkuta Katungu mlangoni pake. Naye halifukuzi. Kila linapoinuka kule chini barabarani, jekundu, la kiangazi, yeye huweka chini alichoshika na kutazama. Vumbi la lori ni pana, linachelewa kutua. Vumbi la pikipiki ni jembamba, linakimbia. Miaka mitatu amelisoma akimtafuta ndani yake mtu mmoja, Kahongya mumewe, na miaka mitatu vumbi limetua na mtu hakuna.

Ewe vumbi, wewe unayejua kila mlango, huyu mmoja ulimwacha wapi?

Alimtamani. Tuseme hivyo, tusizungukezunguke. Alitamani kikohozi chake cha alfajiri, alitamani hata ule ubishi wake juu ya chumvi. Kitanda kilikuwa kipana mno, na upande wa ukutani haukupata joto, masika wala kiangazi.

Lakini Kahongya alikosa, na hilo nalo lisemwe. Kilima kizima kilikuwa mikaratusi, mstari kwa mstari, iliyopandwa na marehemu baba yake. Kahongya akaiuza yote ikiwa imesimama. Akawaita wenye misumeno ya mashine siku ya Jumapili, saa ambayo mkewe na mama yake walikuwa misani. Wanawake wawili wakatoka kanisani na nyimbo mdomoni, wakakikuta kilima kinalia. Jumapili iliyofuata, jua lilikuwa likiingia hadi kwenye meza yao bila kuombwa.

Miti ni miti. Kisiki cha mkaratusi huchipua chenyewe, hakisubiri kubembelezwa. Kilichouma ni njia. Ile njia ya miguu, kutoka nyumbani hadi chemchemi, kutoka chemchemi hadi kijito, kutoka kijito hadi barabara kubwa. Njia aliyopandishwa Katungu akiwa bibi harusi, njia aliyoshushwa mzee akiwa ndani ya sanduku. Magogo yaliburutwa humo humo. Mvua za Septemba zilipofika zilikuta mfereji umeshachimbwa, zikafurahi. Njia ikawa korongo la kufika kiunoni, na humo ndimo Mama Berthe, mama yake Kahongya, alimoteleza na kuvunjika mguu.

Siku hiyo Katungu alisema neno lake. Hakupaza sauti.

— Miti uliuzisha, sawa. Lakini njia, Kahongya? Njia uliulizaka nani?

Kahongya alitazama miguu yake. Ni mtu mrefu, lakini siku hiyo alionekana mfupi. Alichukua mfuko wake, akashuka akishikilia mizizi, na alipofika chini kabisa akageuka.

— Nitarudia nyumbani wakati njia itapona.

Nitarudia wakati njia itapona. Mwanamume wa ajabu: aliyejeruhi ndiye aliyekimbia, na aliyejeruhiwa akabaki na jembe. Maji yakimwagika hayazoleki, Katungu alilijua hilo. Lakini alijua pia kwamba maji yanayotiririka unaweza kuyaonyesha pa kupita. Asubuhi ya tatu alishuka peke yake na kuanza.

Alianza na maji, maana adui wa njia si mguu, ni maji. Kila hatua ishirini akakata mfereji mdogo wa mshazari, ukitoa mvua njiani na kuimwaga pembeni, taratibu, majanini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, watu husema. Katungu alikuta ukuta wenyewe umeshaanguka, akaziba hivyo hivyo. Korongo alilijaza mawe na matawi yaliyoachwa na wapasua mbao. Kingo alizipanda matete, na Mama Berthe, ameketi mlangoni na mguu wake ndani ya vijiti vya kuufunga, alimfungia vishina vya matete, kimoja kimoja, bila kusema jina la mwanawe.

Kisha ngazi. Palipo na mteremko mkali alichonga ngazi za udongo, akazishika kwa vigingi na magome. Na hapa ndipo moyo wake ulipomsaliti. Alizichonga kwa kipimo cha hatua ya Kahongya. Ndefu. Yeye mwenyewe alizipanda kwa kuinua kitenge hadi magotini, na majirani waliotoka kuchota maji walilalamika.

— Ngazi hizi ni za twiga ao ni za batu?

Katungu alicheka nao. Hakupunguza hata moja.

Jumamosi za salongo, kila nyumba ilipotoka na jembe lake kwa kazi ya wote, kijiji kilifanya njia yake hadi chemchemi. Kutoka mlangoni pake hadi chemchemi, na kutoka hapo kushuka katikati ya visiki, palikuwa pake. Mwaka wa kwanza mvua ilimbomolea nusu ya kazi. Mwaka wa pili robo. Mwaka wa tatu Mama Berthe alisimama na fimbo yake, akashuka ngazi moja, akapumzika, akashuka nyingine, akafika kwenye chemchemi na kunawa uso. Visiki vilikuwa vimetoa vijana wa kijani waliomzidi mtu kimo. Katungu alimtazama mama mkwe wake akinawa, akasema moyoni: imepona. Njoo basi. Imepona.

Lakini hakumtumia neno. Pikipiki zilipita kila siku kwenda Beni, kwenda Mbau, neno moja lingemtafuta hadi kumpata popote alipo. Alikataa. Mkosaji ndiye apande, alijiambia, na akaendelea kufyeka.

Mwisho wa Mei mvua ikaaga, na kwa kuaga ikachukua gogo moja kati ya mawili yaliyokuwa daraja la kijito. Gogo lililobaki lilikuwa likicheza. Katungu aliwaza juu ya watu, juu ya wamama wenye mizigo mgongoni, akafanya kama wanavyofanya watu wote wa milima ile tangu zamani. Alikata tawi bichi, akalilaza kukatisha njia pale inapoachana na barabara kubwa. Tawi bichi njiani halihitaji maelezo. Maana yake: hapapitiki, zunguka.

Lilikaa juma moja. Majirani walizunguka kwa barabara ya malori. Jumamosi ya salongo wakaleta gogo jipya, wakaliweka, wakalirukia kulijaribu, na Katungu akashuka kuliondoa tawi lake lililokwisha kukauka. Alikuwa angali amelishika mkononi pikipiki ilipofunga breki. Alikuwa Malachie, kijana wa Mulekera kule Beni, anayebeba wasafiri kati ya miji hii miwili na kumjua kila mtu.

— Mama, ni weye uliweka ile tawi?

— Ni miye. Daraja ilibebwaka na mayi. Sasa iko muzuri, unaweza kupita.

Malachie hakupita. Alizima pikipiki, akavua kofia.

— Siku tatu zilipita, nilileta mutu hapa, kutoka Beni. Murefu. Alishuka na sac yake, akaangalia ile tawi. Akaangalia sana, mama. Nikamuambia, papa, pita tu, ni tawi. Akasema hapana, haiyapona bado. Akapanda tena pikipiki yangu.

Katungu alilitazama tawi mkononi mwake.

— Sac aliiacha pale, Malachie akaonyesha kwa kidevu. Akaniambia mwenye njia ataiona.

Mfuko ulikuwa chini ya ukingo, kivulini, umefunikwa kwa majani ya migomba. Ndani yake kulikuwa na miche ya gerevilia, ule mti unaoshika udongo bila kunyang'anya chemchemi maji yake. Kila mche ulikuwa ndani ya kikopo chake, na mizizi ilikuwa imezungushiwa matambara yaliyolowa. Mingi ilikuwa imenyauka. Michache ilikuwa ingali hai. Katungu alipiga magoti vumbini, akaigusa mmoja mmoja, na akalia bila kujificha, mbele ya Malachie, mbele ya barabara.

Siku elfu moja na zaidi njia ilikuwa wazi. Juma moja aliifunga, kwa mkono wake, kwa wema wake, na juma hilo ndilo alilokuja Kahongya.

— Anakaaka wapi? aliuliza mwishowe.

— Mulekera, karibu na miye. Anachungaka pepinière ya batu, bustani ya kukuzisha miche. Hapana mutu wa maneno mingi.

Katungu alipanda na mfuko kifuani. Mama Berthe alisikiliza yote kwa mpangilio, tawi, daraja, miche, kisha akamaliza kumenya kiazi kizima.

— Miye nilingojea apande, Katungu akasema. Yeye ndio alikosa.

— Njia haipandake tu, mwana wangu. Inashukaka pia. Na huu muguu nilifika ku chemchemi. Wende umuambie ivi. Miche nitanywesha miye.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Katungu aliinama, akachukua kitenge kizuri chini ya sanduku. Kwenda Beni si kwenda kisimani, barabara ile ina siku zake za hatari, na Mama Berthe alimchorea msalaba kwenye paji la uso bila kueleza kwa nini.

Jumatatu asubuhi, umande ungali juu ya matete, alishuka. Alipita chemchemi. Alipita visiki na vijana wao. Zile ngazi ndefu, alizokuwa akizipanda miaka mitatu kwa taabu na jembe begani, alizishuka sasa mikono mitupu, kwa hatua ya mtu mwingine, na hazikumchosha. Alivuka magogo mawili. Hayakucheza.

Malachie alikuwa akingoja barabarani, kama alivyoombwa. Katungu alipanda nyuma yake, akashika vyuma, na pikipiki ikaelekea Beni.

Kwenye kona ya kwanza Katungu aligeuka. Nyuma yake vumbi lilikuwa limeinuka, jekundu, jembamba, likikimbia. Alijua kwamba kule juu mama mmoja mwenye fimbo amesimama mlangoni analisoma, na safari hii ndani yake kulikuwa na mtu.