Joto la Mpangaji

Asubuhi hiyo ya Julai stima ilipotea mtaa mzima, na Nasike akaacha cherehani yake ya kushona yunifomu akaenda kumwangalia kaa.

Kaa mwenyewe alikuwa wa Mombasa, wa wale wanaobeba nyumba ya kombe mgongoni. Hesbon, mtoto wa pekee wa Nasike, alienda huko kusomea ufundi wa simu akarudi Kitale na diploma mkononi na kaa ndani ya kopo la siagi. Alimwita Mpangaji, kwa sababu akichoka na kombe moja anahamia lingine bila kumpa mtu notisi.

Masharti ya Mpangaji yalishinda ya bibi harusi. Tangi lake la kioo lifunikwe na liwekwe balbu, joto lisishuke. Mchanga uwe na maji kiasi kwamba ukiufinya unabaki na alama za vidole. Ukuta wa kioo unyunyiziwe asubuhi, mchana na jioni, maana kaa huyo anapumua karibu kama samaki, na hewa kavu inamnyonga polepole. Hesbon alipomfunza mama yake hayo yote, Nasike aliuliza kama kule Mombasa hakuna watu wanafuga paka.

Mwezi wa nne, watu wanne walishuka kwa gari jeupe lisilo na namba, wakamtoa Hesbon kwa kibanda chake cha simu mchana, watu wakiangalia. Alikuwa ameweka video akiuliza mbolea ya wakulima wa eneo la Kwanza ilipelekwa wapi. Tangu hapo Nasike ndiye alinyunyiza maji. Hesbon akirudi, swali la kwanza lingekuwa la Mpangaji, na hakutaka kukosa jibu.

Sasa balbu ilikuwa imezima na Kitale ikanyesha ile mvua nyembamba ya baridi. Kaa alikuwa ametoka nusu nje ya kombe, miguu imelegea, na Nasike alifunzwa kwamba hiyo ni dalili mbaya. Alibeba tangi hadi kitanda cha Hesbon, alizungushie blanketi. Alipoingiza mkono, godoro lilikuwa moto. Lilikuwa na jasho kidogo pia, na katikati limebonyea umbo la mtu aliyelala kwa ubavu, amekunja magoti.

Nasike alikasirika kidogo, kwa vile godoro hilo halikuwa limeanikwa tangu Pasaka. Kisha akaweka tangi nyuma ya magoti, mahali palipobaki nafasi. Kabla ya saa nne kioo kilikuwa na ukungu, kipimajoto kimesimama ishirini na saba, na Mpangaji amerudi ndani kwake. Stima iliporudi, Nasike hakuhangaika na balbu tena.

Jirani yake, Chelimo, alikuja kuazima mkasi, akagusa kitanda.

"Mama Hesbon, hii joto yote ni ya kaa peke yake?"

"Kuna nafasi karibu na kifua."

Chelimo alileta mayai ambayo kuku aliyeyataga alibebwa na mwewe. Vifaranga vilianguliwa vyote isipokuwa kimoja, ambacho Chelimo alisema kilikuwa kivivu hata kwa yai.

Hapo ndipo Nasike alifanya kosa. Aliona kitanda ni ushahidi. Mtu aliyekufa hana joto, kila mtu anajua, kwa hivyo Hesbon alikuwa hai mahali fulani, na polisi wakiona wataongeza bidii. Alienda kituoni akaleta askari. Askari aliondoa kofia, akaweka mkono kwa mto, akangoja kama anayepima mtoto homa.

"Mama, hapa mtu ameamka saa hii tu."

"Hajaamka. Ndiyo nakuambia yuko."

"Basi kama yuko, tunatafuta nani?" Alimpisha kifaranga, akavaa kofia. "Hii kesi tunafunga. Mwambie tu ajilete akipata nafasi."

Habari zilifika nyumbani Bungoma. Mukhwana, mdogo wa marehemu mume wake, alikuja na shati la kanisani ingawa ilikuwa Jumanne. Alikunywa chai yote kwanza.

"Mulamwa, shemeji yangu, ukoo umekaa. Tumekubaliana tuzike mgomba."

Ndivyo wanavyofanya mtu akipotea na mwili usipatikane: wanakata shina la mgomba la urefu wake, wanalizika kwa jina lake, asije akazurura akitafuta kwao.

"Ako na joto, shemeji. Ingia uguse."

"Sitaki kugusa." Mukhwana aliangalia kikombe. "Nikigusa nitashindwa kuchimba. Na mimi ndiye wameambia nichimbe. Nilibeba huyo mtoto kwa mabega akiwa na surua, unakumbuka? Sasa wazee wananiambia, ama apumzike, ama azunguke na baridi huko nje. Utachagua gani?"

Nasike aliinuka. Alitoa suruali ya Hesbon kwa kamba, ile ya kijivu, wapate kipimo.

Walizika Jumamosi, pembeni ya kaburi la baba yake. Shina lilivishwa suruali na shati, na vijana waliolibeba walisema ni zito kuliko migomba mingine. Pasta aliomba kifupi. Nasike aliruhusiwa kugusa, akagusa mahali pa paji la uso. Palikuwa na baridi na utomvu. Alijipangusa kwa leso, akamwambia Mukhwana hatalala, kwa sababu Mpangaji hajanyunyiziwa tangu asubuhi.

Kitale alikuta mchanga umeanza kukauka na kaa ametoka nusu. Kitanda bado kilikuwa moto. Lakini pale tangi lilipokuwa, godoro lilikuwa baridi. Joto lilikuwa limesogea hadi ukutani kabisa, na ule mbonyeo sasa ulikuwa umegeukia ukuta, mgongo ukiangalia mlango, kama mtoto aliyeambiwa neno na watu wake.

"Walinishinda nguvu, baba," Nasike alisema. Alinyunyiza kioo, akasukuma tangi hadi kwenye mgongo, akaliegemeza pale polepole. Ukungu ulichukua muda, lakini ulikuja.

Jumatatu alienda kituoni kuomba kesi ifunguliwe tena. Askari ni yule yule.

"Mama, hii ni ya yule analala nyumbani ama yule mlizika?"

"Ni ya Hesbon."

Askari alifikiria, akasema hakuna mahali pa kuandika hiyo, akamwonyesha benchi. Nasike alikaa mpaka saa sita. Kisha akaomba ruhusa aende nyumbani kunyunyiza maji, akaenda, akarudi, akakaa.