Choo cha Mwenyekiti Lameck

Upande ule wa Ikolo ambako migomba na mikakao imebanana hata jua hulazimika kubisha hodi, hakukuwa na choo kilichosifiwa kama cha Mwenyekiti Lameck. Kuta za tofali za kuchoma, bati la rangi, marumaru nyeupe chini, mlango wa mninga uliopakwa vanishi. Mlangoni palining'inia kufuli kubwa la shaba. Ufunguo wake Lameck aliufunga kwenye mkanda wa suruali, akawa analia nao kila atembeapo, kama mbuzi aliyefungwa njuga.

Sista Doreen, muuguzi wa kliniki ya watoto katika zahanati ya kijiji, alikuwa amekiona choo hicho mara nyingi kuliko alivyotaka. Mgeni yeyote wa serikali akifika kuuliza habari za usafi, yeye ndiye aliyetumwa kumsindikiza kwa Mwenyekiti. Mgeni angesimama uani, angetikisa kichwa kwa kuridhika, angepiga picha ya mlango, kisha angeondoka na mkungu wa ndizi. Doreen alikuwa mzaliwa wa Matema, binti wa mvuvi wa usipa, na ulimi wake ulikuwa na makali. Wenye vyeo walimwita mjeuri. Kinamama walimwogopa, lakini walikuja.

Siku moja ya kliniki alikuja Kisa, mkamwana wa Lameck, akiwa na mwanawe Angetile mgongoni. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza anaanza kusimama kwa kushikilia vitu. Doreen alimtia kwenye suruali ya mzani, akautazama mshale, akamgeukia mama yake.

"Mwezi uliopita alishuka. Leo ameshuka tena. Anaharisha?"

"Anaharisha, sista."

"Maji mnachemsha?"

"Kuni zikiwa kavu."

"Kuni zikiwa kavu!" Doreen aliwageukia kinamama waliokaa kwenye benchi. "Mmesikia? Watu wa kwa Mwenyekiti hao. Choo cha marumaru, mtoto kama njiti ya kiberiti."

Benchi zima likacheka. Kisa hakucheka. Alimfunga mtoto mgongoni taratibu, akakaza kanga, ndipo akasema kwa sauti ndogo, "Choo kile si chetu, sista. Ni cha baba mkwe."

Akaondoka. Doreen akabaki ameshika suruali tupu ya mzani, na kicheko cha wale kinamama kikamkera masikioni ingawa yeye ndiye aliyekianzisha.

Kesho yake akaenda, safari hii bila mgeni. Hakupita mbele ya nyumba. Alizunguka kwa nyuma, kwenye harufu ya kakao inayochachuliwa chini ya majani ya mgomba, akamkuta Kisa akitoka katikati ya mikakao na Angetile mkononi, anamfuta kwa jani. Doreen hakuhitaji kuuliza wametoka kufanya nini. Ardhi pale ilishuka polepole, na mwisho wa mteremko ndipo kilipokuwa kisima, kifupi kama visima vyote vya Kyela, maji yake ukiinama unayafikia kwa mkono.

Walikuwa hawajasalimiana sawasawa uliposikika ufunguo. Kisa akaruka nje ya njia kama aliyeona nyoka, akajitosa kwenye migomba, akajifunika kanga usoni na kuwapa mgongo. Lameck akapita, hakumtazama, akasimama mbele ya muuguzi.

"Ugonile, sista. Leo umekuja bila wageni?"

"Nimekuja kwa ajili ya mjukuu wako. Anakwisha. Kwa nini mama yake anampeleka kwenye mikakao wakati choo kile pale?"

Lameck alicheka kwa upole, kama anavyochekwa mtoto aliyeuliza swali la kitoto. "Wewe umezaliwa huku huku ziwani, usijifanye Mzungu. Mkamwana hapiti njia niliyopita mimi. Hanitazami. Atachuchumaa vipi pale nilipochuchumaa mimi? Hiyo ni heshima, sista. Heshima yetu Wanyakyusa."

"Na watoto?"

"Wanachafua marumaru."

"Na bibi yao, mkeo?"

"Amekwisha zoea."

Doreen alimtazama mtu huyu, tumbo lake, mkanda wake. "Kuchuchumaa pamoja ni mwiko, nimeelewa," alisema. "Lakini mvua ikinyesha, mnakunywa pamoja. Kisima ni kimoja, Mwenyekiti. Heshima yako inateremka na maji, unaitia kwenye chai."

Tabasamu la Lameck likakauka.

"Basi wape sehemu wachimbe cha kwao," Doreen akasema. "Kule juu, mbali na kisima. Mikakao michache tu ikatwe."

"Nikate kakao kwa ajili ya shimo la mavi?" Lameck alishangaa kwa dhati. Hilo ndilo lililomuudhi Doreen kuliko yote: mtu huyu hakuwa anaigiza. Moyoni mwake, mti wa kakao ulikuwa na haki kuliko tumbo la mjukuu.

Wiki hiyohiyo ikatangazwa kwamba kijiji kimechagua kaya ya mfano katika usafi. Nani tena? Mtendaji wa kijiji alimfuata Doreen zahanati akimtaka aandae maneno machache ya sifa kwa siku ya wageni. Doreen akamweleza aliyoyaona. Mtendaji akajikuna kidevu.

"Sista, mashindano ni ya choo. Siyo ya ukwe."

"Mashindano ya choo ambacho watu hawanyi ndani yake?"

"Hilo halimo kwenye vigezo," alisema mtendaji, na akaonekana kufarijika kulikumbuka.

Kabla wageni hawajafika, Kisa alikuja zahanati mbio, bila viatu. Angetile alikuwa amelegea, macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiivuta inabaki imesimama. Doreen aliacha kila kitu. Alikoroga pakiti ya ORS, akakaa na kikombe na kijiko, akawa anamnywesha kidogo kidogo. Mtoto akitapika anasubiri, kisha anaanza upya. Kisa alishika kichwa cha mtoto. Baadaye akaingia Gwamaka, mumewe, amekuja moja kwa moja kutoka mashamba ya mpunga na matope magotini, na nyuma yake Anyitike, mke wa Lameck, bibi mwembamba ambaye Doreen hakukumbuka kama aliwahi kumsikia akisema zaidi ya ndaga, yaani asante.

"Maradhi haya yanaingilia mdomoni," Doreen alimwambia Gwamaka bila kuinua macho kutoka kwenye kijiko. "Na mdomoni yanatoka kisimani, na kisimani yanatoka kwenye mikakao ya baba yako. Nitamtibu leo. Wiki ijayo mtamrudisha. Au hamtamrudisha."

"Nimelielewa, sista. Lakini mzee ni mzee."

"Na huyu ni nini?"

Gwamaka akachutama kando ya mkewe. Jioni mtoto alikojoa, Kisa akalia kwa furaha ya mkojo. Hapo Doreen alimgeukia Anyitike, akamwuliza kwa ukali, "Na wewe mama, miaka yote hii unaona, umekaa kimya?"

Bibi yule hakukasirika. "Umefika kwangu na wageni wako mara nyingi, mwanangu. Mnasimama pale mlangoni. Mimi niko jikoni, nawaona. Kuna siku uliingia jikoni ukaniuliza kitu?"

Doreen, aliyekuwa na jibu kwa kila mtu kuanzia mtendaji hadi mchungaji, alikikoroga kikombe kilichokwisha kukorogeka. Usoni palimuwaka. Hakuna aliyelijua hilo ila yeye na huyo bibi, na bibi alikuwa ameshaanza kumpepea mjukuu kwa upande wa kanga.

Siku ya wageni palikuwa na turubai, viti vya plastiki, spika inayokoroma na kwaya iliyotungiwa wimbo wa kunawa mikono. Mgeni rasmi alikuwa mama mmoja kutoka wilayani, mnene, mchangamfu, amevaa fulana ya kampeni juu ya kitenge. Lameck alivaa suti. Alisema choo ni uso wa mtu. Alisema mtu asiye na choo hana tofauti na mnyama. Alisema mengi, na kwa kuwa spika ilikuwa mbovu, kijiji kikaepushwa na baadhi.

Kisha akautoa ufunguo, akafungua kufuli, watu wakapiga makofi.

Mgeni rasmi akachungulia. Doreen, aliyesimama nyuma yake, akaona pia kwa mara ya kwanza: marumaru zilizong'aa, sinki kavu kama sufuria ya dukani, buibui aliyefunga utando pembeni kwa raha zake, na magunia mawili ya kakao kavu yaliyoegemezwa ukutani. Kumbe hata mwenyewe hakukitumia. Kilikuwa ghala lenye sinki.

"Pasafi mno," alisema mgeni rasmi, akitafuta neno. "Mama mwenye nyumba yuko wapi nimpongeze?"

Anyitike akasukumwa mbele, bado ana jivu mikononi.

"Hongera mama. Mnakitunza vizuri."

"Ndaga, mwanangu," alisema Anyitike. "Lakini ndani mimi sipajui. Ndiyo kwanza napaona leo, kama wewe."

Kwaya ilikuwa inajiandaa kuimba, ikasahau.

"Msameheni," Lameck alisema upesi, akicheka. "Uzee. Masikio yake hayasikii vizuri."

"Masikio yangu mazima," Anyitike akasema. Hakupaza sauti, lakini sasa hakuna aliyekohoa. "Tumbo la mjukuu wangu ndilo bovu. Sote humu tunakwenda kwenye mikakao. Mzee huyu pia anakwenda, alfajiri, anadhani hatumwoni."

Kicheko kilianzia nyuma kwa vijana, kikapita chini ya turubai, kikafika hadi viti vya mbele ambako wazee walikimeza kwa shida. Lameck alisimama na kufuli mkononi kama mtu aliyeambiwa ashike mtoto asiye wake.

Sasa, mtu mwenye akili angedhani tuzo ilifutwa. Haikufutwa. Cheti kilikuwa kimekwisha kuchapwa na jina, na ndoo ya zawadi yenye bomba ilikuwa imekwisha kuandikwa. Mgeni rasmi alinong'onezana na mtendaji, mtendaji akainua mabega, Lameck akapewa cheti chake. Akapigwa picha. Doreen alipiga makofi polepole sana, peke yake, baada ya wengine kwisha kupiga, hadi mtendaji alipomwomba kwa macho aache.

Asubuhi iliyofuata Anyitike alichukua jembe, akapanda juu ya shamba, akaanza kuchimba katikati ya mikakao. Gwamaka alimtazama mama yake akichimba. Aibu ikazidi woga wake kwa baba yake, akaenda kuleta shoka. Mti wa kwanza ulipoanguka Lameck alikuja mbio, kashika fimbo.

"Nani amekuruhusu?"

"Nipige," Anyitike alisema, hakuacha kuchimba. "Kisha kawaeleze wageni wako umempiga mkeo kwa sababu gani."

Fimbo ilibaki hewani kidogo, ikashuka, ikageuka kuwa ya kutembelea.

Doreen alifika baadaye akawapa alichojua: wasichimbe kwa kina sana kwa kuwa maji ya Kyela yako karibu, wainue msingi kwa kifusi ili mafuriko yasiingie, shimo walifunike. Kisa alitundika dumu dogo la maji lenye kamba ya kukanyaga kwa mguu, kibuyu chirizi, na sabuni kwenye uzi. Kuta zilikuwa za mianzi na majani makavu ya migomba. Hakuna mgeni ambaye angepiga picha. Kina jirani, wakamwana wenzake, walikuja kuangalia mmoja mmoja, wakijifanya wanaomba moto.

Lameck alikwenda kata kutaka muuguzi ahamishwe, kwani anavunja mila na kugombanisha ndoa. Aliulizwa kama kuna muuguzi mwingine aliyeomba kuja kijijini kwake. Hakuwapo. Hajawahi kuwapo. Akarudi na baiskeli yake.

Masika yale mvua ilinyesha bila huruma, Mto Songwe ukafurika, na habari za kuharisha zikavuma kutoka mwambao wa ziwa hadi mjini Kyela. Zahanati ilijaa. Angetile hakuletwa kutibiwa. Aliletwa kupimwa uzito tu, akautingisha mzani kwa mateke, mshale ukapanda, na mama yake akautazama mshale kabla hata sista hajausoma. Doreen hakusema neno la kejeli. Kwa mama huyo alikuwa amejinyima.

Lakini ulimi haukuwa umekosa kazi. Wiki hiyo alivuka hadi Katumba Songwe kuwatembelea wajawazito, na katika nyumba ya kwanza aliingia jikoni kwanza, akakaa kwenye kigoda, akauliza. Mke akamwonyesha kwa kidevu kule nje. Chandarua cha zahanati, kipya, chenye dawa, kilikuwa kimetandazwa vizuri juu ya tuta la mchicha, na mume amesimama kando anakinyoosha kisikunjike.

"Kuku wananisumbua, sista," alieleza mwanamume huyo.

Doreen alimtazama, akautazama mchicha, akashusha pumzi na kuvua viatu ili aingie kwenye tuta.

"Mchicha haupati malaria, tata," alisema. "Shika huko mwisho, tukunje."