Aliyekosa wa Kumwambia

Salvator alikuwa karani kwenye ofisi inayoandika vyeti vya kuzaliwa, na kwa miaka kumi na tisa alikaa kwenye dirisha lile lile akiuliza maswali yale yale: mtoto anaitwa nani, alizaliwa siku gani, baba yake ni nani. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuinamiana. Ukumbi ule una kelele, akina mama hujibu kwa sauti ya chini, na karani asiposogeza uso wake karibu hasikii jina.

Mwaka wa pili tangu mkewe afariki, aliona kwamba watu wameacha kumwinamia. Mama alijibu swali la kwanza akiwa karibu, la pili akiwa amerudi nyuma hatua moja, na la tatu akiwa amejiziba pua kwa pembe ya kitenge, kana kwamba mafua yamemshika pale pale. Siku moja aliandika Maxime badala ya Maxence, cheti kikachanwa, na mkuu wa ofisi akamwambia kwa upole kwamba labda masikio yake yamechoka.

Mambo yakaendelea hivyo. Gaël, kijana waliyetumia naye meza moja, aliomba ahamishiwe upande wa ua, akisema huku ndani joto limemzidi. Kanisani, Jérémie, ambaye walikuwa wameimba besi kwayani bega kwa bega tangu wote wawili hawajaoa, alianza kusimama mwisho wa mstari. Hakuna aliyegombana na Salvator. Walimsalimia vizuri tu, kwa kuinua mkono, kutoka mbali. Hilo ndilo lililomuuma, maana wangegombana naye angalau angejua kosa lake.

Akatafuta sababu mwenyewe, akaipata: msiba. Alijiambia kwamba watu wanamwogopa mjane kama vile kifo cha mke kinaambukiza. Hata binti yake wa pekee, Danielle, aliyeolewa mji wa Gitega, alikuwa ameahidi kukaa wiki nzima alipokuja kwenye misa ya kumkumbuka mama yake, lakini siku ya pili alifunga mkoba akaondoka, akisema mtoto ana homa. Salvator alimsindikiza hadi kwenye gari, akarudi nyumbani mtaani Bwiza akiwa na hasira asiyojua aitue wapi. Tangu siku hiyo akawa anakula maharage yake ya mchana peke yake nyuma ya ofisi, na Jumapili anatoka kanisani kabla watu hawajaanza kupeana mikono.

Dévote, mkewe, alikuwa na desturi moja. Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, alimwita bombani uani wakapiga mswaki pamoja. Aliongea na povu mdomoni. Akimaliza alimulika kinywa cha mumewe kwa tochi ya simu, kama mtu anayemkagua mtoto, na kumwambia kwamba kule nyuma ameruka, arudie. Shule ya Danielle, paa jipya, ugomvi na majirani, yote waliyaamulia pale, kila mmoja na mswaki wake mkononi.

Jioni ya kwanza baada ya waombolezaji kutawanyika, Salvator alikwenda bombani akasimama. Uani palikuwa kimya. Alisukutua maji tu akarudi ndani. Jioni iliyofuata hakwenda kabisa, wala iliyofuata. Asubuhi alipitisha mswaki haraka haraka, wa kuondoa usingizi. Fizi zilipoanza kutoa damu alidhani mswaki ni mgumu mno, akapunguza kuutumia.

Ikawa Jumanne moja ya mvua, akitafuna muhogo wa kuchemsha, jino la chini likacheza. Halikuuma sana, lakini lilimtisha. Akapanda ngazi za kliniki ndogo ya meno iliyo juu ya duka la vitenge, akapokewa na daktari mwanamke aitwaye Irène Namegabe, mtu wa Bukavu, mfupi, mwenye maneno machache.

Alimlaza kwenye kiti, akamwambia afungue kinywa. Salvator akafungua, akasubiri arudi nyuma kama wengine. Hakurudi. Alivuta taa, akainama, akazidi kuinama, mpaka juu ya barakoa Salvator akaona mikunjo midogo pembeni mwa macho yake. Miezi mingi ilikuwa imepita bila uso wa mtu kumkaribia kiasi hicho. Machozi yakamtoka yakatiririka hadi masikioni. Daktari akauliza kama anaumia, naye akatikisa kichwa.

Alipomaliza kutazama, alimkalisha wima, akavuta kigoda akaketi mbele yake.

“Papa, munapigaka muswaki mara ngapi kwa siku?”

“Asubui tu.”

“Na mangaribi?”

“Apana. Zamani ndiyo.”

“Nyumbani munakaa na nani?”

“Mi peke yangu. Mama wa mutoto alikufa.”

“Pole sana, papa. Ndiyo maana basi. Hakuna mutu wa kuwaambia. Kinywa yenu inanuka, inanuka sana. Siwaambii kwa kuwachekelea. Ni fizi zimeoza, na dawa iko.”

Salvator alimwomba arudie, si kwa sababu hakusikia. Daktari akarudia, neno kwa neno, kwa sauti ile ile.

Alirudi nyumbani kwa miguu, na njiani kila kitu kikajipanga upya kichwani mwake: pembe za vitenge dirishani, joto la Gaël, Jérémie mwisho wa mstari. Mtu angedhani angepata nafuu kwa kujua. Lakini hasira ile ilikuwa mwenzake kwa muda mrefu, na ilipoondoka nyumba ikabaki tupu zaidi. Hakuwasha redio. Alikaa kitandani akiwa ameziba mdomo kwa kiganja, kana kwamba kuna mtu chumbani wa kumkinga na harufu hiyo.

Matibabu yalichukua ziara tatu. Daktari alikwangua ukoga, ule uchafu mgumu wa manjano uliojenga ukuta kati ya jino na fizi, na jino lililocheza aliling'oa baada ya kumchoma sindano ya ganzi. Kisha akampa mswaki laini, akamtaka aonyeshe anavyopiga. Salvator, mtu wa miaka hamsini na sita, akaonyesha kama mtoto wa chekechea. Daktari akamrekebisha mkono: asisugue kwa nguvu, auinamishe mswaki pale jino linapokutana na fizi, apige mizunguko midogo, asisahau ulimi, na ile ya kabla ya kulala asiiruke hata siku moja. Damu ikitoka asiogope wala asiache, itakoma. Ikakoma wiki ya tatu.

Siku moja mchana alibeba chakula chake hadi upande wa ua, akamuuliza Gaël kama alikuwa anajua. Kijana akatazama sahani yake akakubali. Akaeleza kwamba yeye ni mtoto kwake, angemwambiaje mkubwa neno kama lile, tena mkubwa aliyefiwa. Alikuwa amemweleza mkuu wa ofisi, na mkuu akasema wamwache kwanza. Kwa hiyo ofisi nzima ilikuwa imekaa ikalizungumza. Salvator alimaliza maharage yake polepole, akitafunia upande mmoja. Akamwomba Gaël, siku nyingine akisikia kitu, aje amwambie. Gaël akaahidi, ila meza yake hakuirudisha. Alikuwa amekwisha kuuzoea upepo wa uani.

Alhamisi Danielle alipiga simu kama kawaida, akauliza kama papa yuko salama. Kila wiki Salvator alijibu kwamba yuko salama. Safari hii alimweleza yote, kuanzia bomba la uani hadi pengo la jino.

“Papa,” akasema Danielle, “ile siku nilikuja, nilisikia ile arufu. Nikasema papa ameanza pombe. Nililia mu gari mpaka Gitega.”

“Mutoto hakukuwa na homa?”

“Apana.”

Salvator aliegemea ukuta. Aliwaza miezi yote ile, yeye huku akidhani binti ameikimbia nyumba ya msiba, na binti kule akidhani baba amepotelea kwenye chupa, na kila Alhamisi wakiulizana habari na kujibizana kwamba ni nzuri.

“Ungeniuliza,” akasema.

“Na we ungeniambia unalala namna gani, unakula na nani. Hukusema kitu.”

Danielle hakukata simu. Baada ya muda alimuuliza amekula nini leo, naye akamwambia, na amekula na nani, naye akamwambia vile vile.

Danielle akasema atakuja kwenye likizo ya Pasaka. Ilikuwa bado wiki saba, yaani Alhamisi saba za kuulizana kweli.