Mikunga wa Uani

Jumanne asubuhi, mkunga mstaafu wa chumba namba mbili alikuwa akianika shuka alipowaona mikunga wa baharini, wale samaki kama nyoka, wameota kwenye mchanga ambao mafundi wa ujenzi waliuacha uani. Walikuwa kama thelathini, wembamba kama mpini wa mwiko, kila mmoja na tundu lake, nusu mwili nje, wote wameelekea upepo unakotoka. Walikuwa wakidonoa chembe za vumbi zilizopita hewani. Alipowasogelea walizama, mkia ukitangulia. Akamaliza kuanika.

"Sasa ua huu una wakunga wa kila aina," alisema fundi cherehani, jirani yake, akacheka peke yake.

Mwenye nyumba alikuja Alhamisi. Alisema mkataba unakataza mbwa na kuku, samaki haukuwataja.

Kila alasiri mkunga akawa anaweka kigoda pale na kutulia tuli, hadi wakamzoea. Kukaa na kusubiri alikujua. Ndiyo kazi iliyomlisha miaka thelathini na minane. Aliona wanavyochimba kwa mkia na kupaka kuta ute wao ili mchanga usiporomoke. Hakuna aliyeacha shimo lake. Ila mmoja, mwenye madoa, alikuwa akilisogeza la kwake shubiri moja kila siku kuelekea kwa jirani yake. Siku ya tisa wakafikiana, wakaviringishana kutwa nzima, kila mmoja ameacha mkia wake tunduni mwake.

Mwanawe mkunga aliishi namba tisa, ng'ambo ya ua. Miaka kumi na mmoja nyuma, mkewe alishikwa uchungu wakati mkunga yuko mtaa wa tatu akimzalisha mwanamke mwingine. Aliporudi, mkwewe na kichanga walikuwa wameshakufa, wamefunikwa shuka. Tangu hapo mwana humsalimia kupitia dirishani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula."

Na dirisha hufungwa, kwa adabu zote.

Mwezi ulipokwisha, mkunga aliomba ahamie namba nane, chumba chenye giza na bati linalovuja, kilichopakana na cha mwanawe. Akabeba vyombo mwenyewe, akakisukuma kitanda hadi kikagusa ukuta. Upande wa pili alisikia kijiko kikikoroga chai, na kikohozi alichokifahamu tangu kikiwa cha mtoto.

"Baba," aliuambia ukuta, "siku ile kichwa cha mtoto kilikuwa kimeshatokeza. Nisingeweza kumwacha yule mama."

Kijiko kikanyamaza.

"Najua, mama."

Akangoja, kama alivyozoea kungoja. Kisha akasikia kitanda cha mwanawe kikiburutwa polepole hadi ukuta wa mbali.

Akabaki na kiganja ukutani. Nje, fundi cherehani aliwaomba mikunga radhi apitishe kamba ya nguo. Wakazama, akapita, wakachomoza tena.