Maziwa ya Ukweni

Mwanangu Mwaro alitaka harusi iahirishwe. Kadi zimeshagawanywa, mahema yamekodishwa, Cynthia ameshapimwa gauni, na yeye ameegemea mlango ananiambia, "Tungoje kidogo, Mama."

"Tungoje nini?"

Akageuza uso.

Nilimtazama vizuri. Kwa wiki kadhaa homa ilikuwa ikimpanda jioni, asubuhi imeshuka. Shuka lake ungelikamua jasho. Mgongo ulimuuma. Tulisema malaria, akapimwa, haipo. Na sasa jambo jipya: mwanangu, fundi wa friji aliyezoea suruali za kubana, anashinda na kikoi, na anakaa kwenye kiti kama kiti kina mayai.

"Una nini humo?"

"Mama!"

"Nimekuosha mwenyewe. Una nini?"

Akatazama sakafu. "Busha."

Kwetu pwani mfuko wa mwanamume ukivimba, hakuna anayeuliza mara mbili. Ni busha, na watu wanaanza kukutafutia jina la utani. Mwaro alikuwa ameshajihukumu: hatazaa, na Cynthia atafute mwingine.

"Linauma?"

"Kama jino."

"La babu yako halikumuuma hata siku moja. Alikuwa akiliegemezea gazeti. Busha gani hili lenye homa? Vaa viatu."

Kliniki ya Malindi tulimkuta daktari mwanamke, Ruqaiya. Mwaro alipomwona akageuka atoke, lakini mlangoni nilisimama mimi. Daktari akavuta pazia, akampima, kisha akauliza, "Unakunywa maziwa mabichi?"

"Hapana," nikajibu. "Kwangu maziwa yanachemshwa."

Nyuma ya pazia mtu akakohoa. "Kwa kina Cynthia," akasema Mwaro.

Kumbe kila Jumapili baada ya kanisa alikwenda Kakuyuni, na Mzee Kavumbi, baba yake Cynthia, alimkamulia ng'ombe mbele ya macho yake. Mkwe mtarajiwa hupewa bakuli la kwanza, lina povu na bado lina joto la ng'ombe. Nani atamwambia baba mkwe akachemshe?

Damu ikapimwa. Ni brusela, ugonjwa wa vijidudu unaowaharibia ng'ombe mimba. Daktari akatueleza kwamba vijidudu hivyo vinaingia na maziwa lakini tumboni havikai. Vinashika njia ya damu kutafuta pa kupanga: mgongoni, nyongani, magotini, na huko chini.

"Nitazaa?" Mwaro akauliza kwa sauti ya mtoto.

"Ukimeza dawa wiki sita bila kuruka, natumaini utazaa. Ukiacha katikati, usirudi hapa kunililia."

Nilimpenda daktari yule.

Ikabaki kazi ngumu zaidi. Kumwambia mtu kwamba heshima aliyokupa imekuletea ugonjwa ni kama kumtemea mate uani kwake. Uchumba umevunjika kwa madogo kuliko hayo. Mwaro alinisihi, "Sema nina presha tu, Mama."

"Ili uendelee kunywa?"

Jumapili nikafuatana naye. Mzee Kavumbi akaja na bakuli, mkono mmoja kiunoni, anachechemea.

"Mkwe, yachemshwe," nikasema.

"Mama Mwaro! Haya yametoka kiweleni sasa hivi. Baba yangu alikunywa haya haya."

"Yamempa mwanangu homa, yakamvimbisha."

"Yamemvimbisha wapi?"

Mwaro akatazama kuku. Nikasema ni wapi. Cynthia akakimbilia jikoni, mabega yanamtikisika. Mpaka leo sijui alikuwa akilia au akicheka.

Mzee Kavumbi alinuna. Nikaona mahema yangu yakifungwa.

"Kwa hiyo ng'ombe wangu ni mgonjwa?"

"Sijui. Apimwe. Amewahi kuharibu mimba?"

"Mara mbili!" akajibu mkewe, Kahaso, kutoka jikoni. "Na wewe, waambie homa yako ya jioni!"

"Hebu nyamaza, mwanamke!"

Lakini alikuwa ameshachoka kusimama. Akashika ukuta, akajishusha kwenye kigoda polepole sana, kwanza upande mmoja, kisha upande wa pili. Mwaro akanitazama. Kukaa kule tulikujua.

"Mkwe," akaniita Mzee Kavumbi kwa sauti ya chini, "huyo daktari wenu ni mwanamume?"

"Mwanamke."

Akashika ukuta, akasimama. Kisha akaliinua bakuli, akalipeleka kuelekea jikoni bila kututazama.

"Kahaso," akasema, "yachemshe haya. Na unitafutie kikoi safi cha kwendea Malindi."