Jibu la Zamani

Jina lilikuwa lake. Nyumba iliyotokea kwenye kioo cha kompyuta haikuwa yake.

Mwanasaumu aliiweka mezani picha ya chumba kipya aliyokuja nayo kutoka Likoni, akaandika tena jina la nyumba yake ya wageni, herufi moja moja. Ikatokea ile ile baraza ya marumaru, ya kule Kisauni, na chini yake bei za vyumba. Aliijua. Alikwisha kuketi pale, akala biriani ya shemejiye.

"Thoya, hii si nyumba yako?"

Thoya, mume wa mdogo wake na mwenye duka hili la kompyuta la Changamwe, alikuwa akifuta kibodi iliyokwisha takata.

"Shemeji, wallahi sikugusa kitu chako. Kurasa zako za mtandao zipo palepale."

"Zipo. Nani atazifikia?"

Thoya akaeleza kwa upole, kama anayemtuliza mgonjwa. Mtu akiandika jina, kompyuta yake huiuliza seva ya majina: huyu anakaa wapi? Seva hujibu. "Jana nimebadilisha jibu tu."

"Jibu tu! Mgeni akiulizia kwangu pale feri, ukamwelekeza kwako, utasema hukubomoa ukuta?"

"Jina nililisajili mimi."

"Kwa kuwa nilikuamini wewe."

Hakupaza sauti. Baada ya zile ghasia za Likoni za mwaka wa 1997, wageni walipotoweka, ni jina hilo lililomrudishia mmoja mmoja. Kikulacho ki nguoni mwako. Na nguo hii aliichagua mwenyewe, maana ndiye aliyemtetea Thoya mbele ya baba siku ya posa.

Simu ya duka ikalia. Namba yake ndiyo iliyoandikwa kwenye kurasa za Mwanasaumu, kwani kwake hakukuwa na simu. Thoya akanyoosha mkono. Wa Mwanasaumu ukatangulia.

"Naitwa Dhahabu, napiga kutoka Ujerumani. Nakuja nyumbani na wanangu. Ndiyo nyumba yenye mlango wa buluu?"

Mwanasaumu alimgeukia Thoya. "Anauona mlango wangu."

"Seva za huko bado zimeshika jibu la zamani," Thoya alisema chini chini. "Kesho zitauliza upya."

Kesho. Mwanasaumu akavuta kiti, akampa mgongo.

"Ndiyo, mwanangu, huo huo. Usiufunge ukurasa kwanza. Unaona nini kingine?"

"Mti wa mlangilangi... na mama amesimama kizingitini, anacheka sana."

Mwanasaumu akajaribu kukumbuka nani aliyekuwa ameshika kamera siku ile, akamchekesha vile. Akakumbuka.

Nyuma yake, kitambaa cha Thoya kilikuwa bado kinafuta kibodi.