Mchanga Unaoshika Mkono

Mgeni alifika Alhamisi, ilhali alitarajiwa Jumatatu, akisukuma baiskeli iliyojaa tope. Hakuuliza ofisi ya kijiji iko wapi. Aliegemeza baiskeli kando ya lundo la mchanga, akachota konzi moja, akausugua viganjani, kisha akatia punje chache kinywani na kuzitafuna.

"Wewe mura, kijana mzima, njaa imekuzidi?" Mokami, mmoja wa wanawake waliokuwa wakiponda kokoto, alimtania. "Ngoja ugali, huo mchanga ni wa kujengea zahanati!"

Wenzake wakaangua kicheko. Ghati, kiongozi wao, naye alicheka, mpaka alipoona kijana hacheki.

"Shikamooni, mama zangu. Naitwa Tamimu, mzaliwa wa mji wa Mugumu. Mimi ni fundi sanifu, nimetumwa kupima mchanga. Nani aliyeuchagua huu?"

"Marahaba. Ni mimi," Ghati alijibu kwa fahari.

Kwa miezi mitatu waliubeba kichwani kutoka kingo za kijito, wakauacha ule wa mto wa juu, mkavu, wenye kukwaruza. Walichagua kama walivyofundishwa na mama zao walipochagua wa kusiliba nyumba: mchanga mzuri ni ule unaoshika mkono.

Tamimu alimwonyesha kiganja chake. Kilikuwa chekundu.

"Kwa ukuta wa udongo, mama, huu hauna mfano. Lakini kinachoshika mkono ni matope, na matope huizuia saruji isishike. Hata hivyo, siwezi kuandika kiganja kwenye ripoti. Tutapima kwa chupa."

Alimpa chupa ndefu na chumvi kidogo. Achote mchanga juu, katikati na chini ya lundo, amimine maji ya chumvi, atikise, kisha aiache itulie. Matope yangejitenga na kukaa juu ya mchanga.

"Nikichota mimi, watasema nimetafuta pabaya," alisema. "Chota wewe. Niahidi tu hutabadili kitu."

"Nimekuahidi, mwanangu."

Mwenyekiti wa kijiji, Mseti, alimchukua mgeni nyumbani kwake akale. Haukupita muda akarudi peke yake, amebeba nusu debe ya mchanga wa punje kubwa.

"Mama Agustina," alimwambia Ghati, "tia huu kwenye chupa."

"Wa wapi huo?"

"Wa mto wa juu. Jirani yetu Ryoba aliuchota kwa ajili ya kujengea kaburi la baba yake." Mseti alishusha sauti. "Lori la saruji linapanda Jumamosi. Mchanga ukikataliwa, linakwenda kijiji kingine. Sisi tutangoja masika yapite, barabara ikauke."

"Na ukuta?"

"Tutazidisha saruji kidogo. Nani atajua?"

Ghati aligeukia njia iteremkayo mjini. Mwaka uliopita walimteremsha Rhobi, mkwewe, juu ya kitanda, uchungu umemkamata, kwenda hospitali ya Tarime. Hawakufika hata Nkende, nje kidogo ya mji. Mtoto alizikwa naye. Na sasa Agustina, binti yake, alikuwa palepale kwenye kokoto, nyundo mkononi, mimba ya miezi minane. Mimba haingengoja masika yapite.

Aliutazama mchanga wa Ryoba. Ulikuwa safi. Akawaza kinamama watakaolala chini ya ukuta ambao yeye mwenyewe anajua umechanganywa na nini.

"Nimeshamwahidi, Mwenyekiti."

"Kijana uliyemjua asubuhi hii?"

"Yeye nimemjua leo. Mdomo huu ninao tangu nizaliwe."

Akaingiza mkono lundoni mpaka kwenye kiwiko. Alijaza, akatikisa, akaiweka chupa juu ya jiwe, akakaa kando yake. Hakuna aliyetania tena.

Tamimu aliporudi jua lilikuwa limeanza kuinama. Matope mekundu yalikuwa yametanda juu ya mchanga kama malai juu ya maziwa. Alipima kwa rula, akapima tena, kana kwamba anaibembeleza namba ipungue. Akamtazama Agustina, akayahamisha macho haraka.

"Mama," alisema polepole, "pengine ulichota pembeni tu, palipoingia maji ya mvua. Kama ni hivyo, naweza kurudia kipimo Jumatatu. Lori litakuwa limeshashusha saruji."

"Sema pembeni, Ghati!" Mokami alinong'ona. "Sema tu!"

Agustina alimkazia mama yake macho. Nyundo ilikuwa imelala mapajani mwake. Ghati alitamani binti yake amkaripie, alie, afanye lolote kuliko kumtazama vile.

"Nimechota juu, katikati na chini," alisema. Akaisogeza chupa mbele ya Tamimu. "Juu, katikati na chini, kama nilivyokuahidi. Andika, mwanangu."